Deni la Mto Zigi

Wajukuu zangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mto, ina msitu, ina mabilioni ya shilingi, na ina deni la miaka kumi. Najua mkisikia deni mnakumbuka daftari la dukani, na mtu mzima anayewatuma mlangoni mkaseme hayupo. Madeni si ya namna moja. Hili la leo liliandikwa, likasainiwa, likatangazwa hadharani, na watu wakajitokeza kwa hiari yao kulinunua.

Nani ananunua deni? Subirini kidogo, kwanza tupande mlimani.

Ukitoka Tanga mjini, ukapita Muheza, ukashika njia ya Amani, unaingia Usambara Mashariki. Huko kuna msitu mnene wenye mimea na vinyonga ambao wataalamu wa dunia nzima husafiri kuja kuwatazama. Kwenye milima hiyo unaanzia mto Zigi. Unashuka mabondeni hadi bwawa la Mabayani, na hapo maji huvutwa, husafishwa, kisha huingia kwenye mabomba ya jiji la Tanga.

Sasa sikilizeni kazi ya msitu. Mvua ikinyesha juu ya miti, majani huipokea na kuipunguzia nguvu. Mizizi hushika udongo, na maji huingia ardhini polepole, yakatoka tena polepole hata wakati wa kiangazi. Miti ikikatwa na watu wakalima mpaka ukingoni mwa mto, mvua ileile huchukua udongo na kuushusha bwawani. Maji hugeuka tope, kina cha bwawa hupungua, na Mamlaka ya maji hulazimika kununua dawa nyingi zaidi za kuyasafisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliingia misitu ya Amani na kuchimbua kandokando ya mito. Waliokuwa wakinywa maji huku chini mjini wengi hawakuwaona, lakini matokeo ya kazi yao yaliwateremkia mitoni.

Kwa hiyo wakulima wa mabonde ya Zigi na Kihuhwi waliunda umoja wao, UWAMAKIZI. Kazi yake ni kulinda vyanzo vya maji: kupanda miti na kulima bila kubomoa kingo. Mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikiwasaidia, kwa sababu anayelinda mto kule juu anampunguzia gharama anayesafisha maji huku chini. Likumbukeni hilo, maana ndilo litakalobeba hadithi nzima.

Basi, jiji likakua. Nyumba zikaongezeka, na Muheza, Pangani na Mkinga nako watu walitaka maji. Mtambo wa kusafishia maji ulihitaji kupanuliwa, mabomba machakavu yalihitaji kung'olewa. Hesabu ikafika zaidi ya shilingi bilioni 53. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, ambayo watu huiita Tanga UWASA, izitoe wapi?

Ingeweza kusubiri bajeti ya serikali. Lakini serikali ina shule, hospitali na barabara za nchi nzima, na foleni ni ndefu. Ingeweza kwenda benki. Lakini mikopo ya benki mara nyingi hutaka irudi haraka, wakati bomba likifukiwa leo litafanya kazi miaka mingi sana. Si busara kulipa kwa miaka mitatu kitu ambacho watu watakitumia kwa miaka thelathini. Ikabaki njia ya tatu: kukopa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa kiasi chake, kwa muda mrefu. Karatasi ya mkopo wa namna hiyo ndiyo hatifungani.

Mnaujua upatu wanaocheza mama zenu. Kila mmoja anatoa, na kila mmoja ana zamu yake ya kupokea. Hatifungani nayo inakusanya fedha za wengi, lakini haina zamu. Anayepokea ni mmoja tu, yule aliyeomba, na wote waliotoa wanamdai. Yeye anaahidi mambo matatu: nitawalipa riba kiasi hiki kila mwaka, nitawalipa siku hizi na hizi, na mtaji wenu wote utakuwa umerudi kabla ya mwaka fulani. Mkiona mtu anaahidi faida bila kutaja tarehe, wala kusema fedha itatoka wapi, hiyo si hatifungani. Ondokeni hapo.

"Na ya kijani je? Karatasi yake ina rangi?"

Hapana. Siku hizi hata karatasi yenyewe huwa ni maandishi kwenye kompyuta. Hatifungani huwa ya kijani pale mkopaji anapoongeza ahadi ya nne: fedha hizi zitaingia kwenye mradi unaosaidia mazingira tu, na kila mwaka nitawaeleza zilivyotumika. Mradi unaweza kuwa wa umeme wa jua, wa kulinda chanzo cha maji, wa majengo yasiyofuja umeme au wa kutibu majitaka. Ahadi hiyo ya nne ndiyo ngumu kuitimiza, na pia ndiyo rahisi kuidanganyia. Tutaifikia.

Tanga haikuwa ya kwanza kupita njia hii. Wengine walikuwa wamekwisha kuifyeka, na mwanzo wake uko mbali sana na Usambara.

Mwaka 2007 Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilikopa euro milioni 600 na kuahidi kwamba zitakwenda kwenye nishati jadidifu na kazi za kupunguza matumizi ya nishati. Mwaka huohuo jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti nzito kuhusu kuongezeka kwa joto la dunia. Ripoti hiyo iliwashtua watu ambao msingewafikiria: wasimamizi wa mifuko ya pensheni ya Sweden. Hebu wazeni. Mfuko wa pensheni unatunza fedha za mfanyakazi kijana ili zimfae akizeeka, miaka arobaini baadaye. Mwenye fedha za namna hiyo hawezi kusema hali ya hewa ya miaka arobaini ijayo haimhusu. Wakaenda kwenye benki yao, SEB, wakauliza: tunaweza kuwekeza mahali salama, na fedha zetu zikafanya kazi ya kupunguza hatari hii? SEB na Benki ya Dunia wakakaa pamoja, na Novemba 2008 Benki ya Dunia ikatoa hatifungani yake ya kwanza ya kijani, yenye thamani ya zaidi ya kroni bilioni 2 za Sweden. Kituo cha utafiti wa hali ya hewa cha Norway, CICERO, kilipewa kazi ya kuipima na kusema kama miradi iliyokusudiwa ni ya kijani kweli. Tangu mwanzo kabisa, basi, kulikuwa na jicho la tatu, ambalo si la mkopaji wala la mkopeshaji.

Kwa miaka kadhaa soko likabaki dogo, la benki kubwa za maendeleo peke yao. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliingia mwaka 2013. Jiji la Johannesburg likafuata mwaka 2014, na huko ndiko mji wa Afrika ulikojifunza kukopa kwa njia hii. Mwaka huohuo wa 2014 mabenki yalikubaliana kanuni za hiari za kuongoza hatifungani za kijani, ili kila mtu asijitungie maana yake. Desemba 2016 Poland ikawa serikali ya kwanza duniani kukopa hivyo. Mwaka 2017 zikafuata Ufaransa, Fiji, na mwezi Desemba Nigeria, serikali ya kwanza Afrika, kwa naira bilioni 10.69. Mwishoni mwa mwaka 2020 jumla ya hatifungani za kijani zilizowahi kutolewa duniani ilivuka dola trilioni moja. Soko lililoanza na ombi la mifuko ya pensheni ya Sweden lilikuwa limefika huko kwa miaka kama kumi na mitatu.

Afrika Mashariki mlango ulifunguliwa na Kenya. Mwaka 2017 chama cha mabenki cha Kenya, Soko la Hisa la Nairobi na wenzao walianzisha mpango wa kuandaa soko hilo, na mwaka 2019 miongozo ikawa tayari. Oktoba 2019 kampuni ya Acorn ikakopa shilingi za Kenya bilioni 4.3 kwa miaka mitano, kwa riba ya asilimia 12.25. Ilijenga nini? Hosteli za wanafunzi wa vyuo Nairobi.

"Hosteli inakuwaje ya kijani?"

Swali zuri. Jengo hunywa maji na kula umeme kila siku ya uhai wake. Ukilijenga kwa namna ya kuingiza mwanga na hewa, ukaweka mabomba yasiyomwaga maji ovyo na taa za umeme mdogo, litatumia kidogo kuliko jirani yake kwa miaka yote litakayosimama. Kuna vipimo vya kuthibitisha hilo, na hosteli hizo zilitakiwa kuvifikia. Bado watu waliogopa kukopesha kampuni ya ujenzi. Ndipo taasisi iitwayo GuarantCo ikajitokeza na kudhamini nusu ya deni: ikitokea mkopaji ameshindwa, nusu hiyo tutaibeba sisi. Kwa sababu ya dhamana hiyo, kampuni ya Moody's inayopima uaminifu wa wakopaji iliipa hatifungani ile alama iliyozidi hata ya serikali ya Kenya yenyewe. Januari 2020 ikaorodheshwa Nairobi, kisha London.

Tanzania wakati huo ilikuwa bado inajifunza kutembea. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, lakini kwa muda mrefu hatifungani zilizotawala zilikuwa za serikali, na wanunuzi walikuwa mabenki na mifuko mikubwa. Mtu wa kawaida alizisikia kwenye taarifa ya habari na kupita. Mwaka 2022 benki ya NMB ikajaribu jambo jipya: hatifungani iitwayo Jasiri, ya kukopesha biashara za wanawake. Haikuwa ya kijani, lakini ilikuwa na ile ahadi ya nne, kwamba fedha hizi zina kazi moja tu. Benki ilitaka shilingi bilioni 25. Zikaja zaidi ya bilioni 74.

Mwaka uliofuata, Agosti 31, 2023, benki ya CRDB ikazindua hatifungani iliyopewa jina lisilo na kificho, Kijani. Mpango wake mzima ni wa shilingi bilioni 780, utakaotolewa kwa awamu. Awamu ya kwanza ilitafuta bilioni 40, kwa miaka mitano, kwa riba ya asilimia 10.25, na kiwango cha chini kilikuwa shilingi 500,000. Dirisha lilipofungwa mwezi Oktoba, zilikuwa zimeingia bilioni 171.8. Chukueni kalamu mgawanye: ni zaidi ya mara nne ya zilizoombwa. Mwaka huohuo NMB nayo ikaleta Jamii, inayochanganya miradi ya mazingira na ya jamii, ikakusanya shilingi na dola.

Mnaona ngazi ilivyopandwa? Jasiri iliwazoesha watu kununua hatifungani yenye kazi maalumu. Kijani ikaonyesha kwamba mazingira nayo yana wanunuzi. Lakini zote mbili zilikuwa za mabenki, na benki ni mkopaji anayejulikana: ina matawi, ina faida inayotangazwa, ina wateja mamilioni. Swali lilibaki: je, watu watamwamini mkopaji ambaye biashara yake ni kuuza maji ya bomba?

Tumerudi Tanga. Februari 22, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA, ya shilingi bilioni 53.12, kwa miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilikuwa haijawahi kutokea Afrika Mashariki mamlaka ya maji kukopa kwa wananchi kwa njia hiyo. Mauzo yalipofungwa zilikuwa zimepatikana bilioni 54.72, asilimia 103 ya zilizotafutwa. Mwezi Mei ikaorodheshwa Dar es Salaam. Haikufurika kama Kijani, lakini ilijaa, na kwa mkopaji wa aina hiyo kujaa ni habari kubwa.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja muuza samaki aliweka shilingi milioni moja. Asilimia 13.5 ya milioni moja ni shilingi 135,000. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kila baada ya miezi sita anapokea 67,500. Sasa ongezeni sifuri. Kwa deni zima la bilioni 53.12, riba ya mwaka mmoja, kabla mtaji haujaanza kupunguzwa, inakaribia bilioni 7.2. Na hapo bado mtaji wenyewe.

Inatoka wapi? Kwenye ankara za maji. Kila familia inayolipia maji Tanga inachangia kulipa deni hilo, na ndiyo maana nasema usipolielewa utalilipa bila kujua. Fuatilieni mnyororo huu. Mamlaka ikiongeza maji na wateja, mapato yanapanda na deni linalipika. Mabomba yakivuja, maji yaliyosafishwa kwa gharama yanamwagika chini bila mtu kuyalipia, na deni linakuwa zito. Na msitu wa Amani ukikatwa, tope linashuka, gharama za dawa zinapanda, na fedha zilizokusudiwa kulipa riba zinaliwa na dawa. Mkulima wa UWAMAKIZI anapopanda mti ukingoni mwa Zigi, anamlindia riba muuza samaki ambaye hajawahi kumwona. Kwa hiyo ukijani wa hatifungani hii si pambo la kuvutia wageni. Ukiondoka, na hesabu inaharibika.

Lakini nani anahakikisha? Jicho la kwanza ni la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hiyo husoma waraka wa mkopaji kabla hajaruhusiwa kuomba hata shilingi moja kwa umma, na waraka huo hutakiwa kueleza hatari zote, hata zile ambazo mkopaji angependa zisomwe na wachache. Jicho la pili ni la mhakiki huru, anayesema kama miradi inastahili kuitwa ya kijani. La tatu ni soko la hisa, ambako hatifungani huorodheshwa ili mwenye shida ya fedha aweze kumuuzia mwingine bila kusubiri miaka kumi. La nne ni la wenye fedha wenyewe, na hilo ndilo husinzia mapema. Watu wakishaanza kupokea riba kwa wakati, wengi hawaulizi tena mabomba yamefika wapi.

Hapo ndipo udanganyifu hupenya. Duniani wamekuwapo wakopaji waliojipaka rangi ya kijani: wanachukua mradi ambao wangeufanya kwa vyovyote, wanaubadilisha jina, wanapata sifa na fedha. Kosa hili halimuumizi mnunuzi peke yake. Mmoja akidanganya, mamlaka ya maji ya mji mwingine itakayokuja kesho na mradi wa kweli itaulizwa maswali mara tatu na kutozwa riba kubwa zaidi, kwa sababu watu wameshaumwa. Ahadi ni deni, na katika soko hili ahadi ya mmoja hugharimu au hunufaisha wote wanaomfuata. Kijani ilinufaika na uaminifu uliojengwa na Jasiri. Tanga ilinufaika na uaminifu wa Kijani. Atakayekuja baada ya Tanga atatumia jina la Tanga, liwe zuri au baya.

Kuna hatari nyingine ambayo haihitaji mwongo. Bei za vitu zikipanda sana, shilingi 67,500 zitanunua vitu vichache mwaka wa tisa kuliko mwaka wa kwanza. Na muuza samaki akitaka kuiuza hatifungani yake mapema, na wakati huo kuna mpya zenye riba kubwa, mnunuzi atataka apunguziwe bei. Atakayewaambia hatifungani haina hatari hata chembe, muulizeni kama amesoma waraka wake.

Nyinyi hamna shilingi 500,000, najua. Lakini mna miaka, na soko hili linahesabu kwa miaka. Awamu ya kwanza ya Kijani inaiva mwaka 2028. Ya Tanga inafika mwisho wake mwaka 2034. Aliyezaliwa mwaka 2014 atakuwa na miaka ishirini, pengine na mshahara wake wa kwanza. Wakati huo zitakuwa zimekuja nyingine, za umeme wa jua, za taa za barabarani, za majitaka, na kila moja itawaita kwa jina tamu. Msianze kwa kuuliza riba ni asilimia ngapi. Ulizeni kwanza: waliotangulia walilipwa kwa tarehe walizoahidiwa? Kisha ulizeni lile la pili, ambalo wazazi wenu wengi hawaliulizi: tope la mto limepungua au limeongezeka, na ni wateja wangapi wanaopata maji leo ambao zamani hawakuyapata? Majibu yote hayo yanapaswa kuwamo kwenye ripoti ya mwaka, kwa tarakimu. Yakiwamo, someni kurasa zinazofuata. Yakikosekana, fedha yenu ibaki mfukoni.